Sumaku na Mbegu: Tupime Kwanza Kabla ya Kutoa Pesa



Kabla ya masika ya mwaka jana nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama, huku upande wa bara wa Malindi. Nilikwenda kuangalia daftari la akiba. Kumbe siku hiyo walikuwa na mgeni mwingine, kijana mmoja aliyefika kwa pikipiki, amebeba sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na kifaa cha sumaku. Alieleza kwamba ukizitia mbegu za mahindi katika kifaa hicho kabla ya kupanda, zitaota upesi, zitavumilia jua, na mavuno yataongezeka mara mbili. Bei yake ilikuwa shilingi 18,000. Akiba yote ya kikundi haikufika 22,000.

Msiwacheke akina mama kwa kumsikiliza. Nyote mnakumbuka mvua zilivyokosekana msimu baada ya msimu, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, na watu wa Ganze na Magarini walivyoteseka. Mtu aliyepanda mara tatu akavuna mabua hawezi kumfukuza anayemwambia kwamba kuna njia.

Tena yule kijana alikuja na ushahidi. Alitoa mikebe miwili yenye mchanga. Katika mkebe wa kwanza mahindi yalikuwa yameshachomoza, majani mawili mawili, ya kijani safi. Katika mkebe wa pili ndiyo kwanza vichwa vinaonekana. "Huu wa kwanza ni wa sumaku," akasema. "Huu wa pili hauna. Zilipandwa siku moja."

Mweka hazina alikuwa tayari ameshika ufunguo wa sanduku la akiba. Hapo hawe mmoja, mzee kuliko wote pale, akauliza: "Mwanangu, hizi za sumaku ulizitia maji kwanza?"

Kijana akajibu bila kuficha kwamba ndiyo, mbegu hulazwa usiku mmoja ndani ya maji yaliyowekwa juu ya sumaku.

"Na hizi nyingine?"

"Hizo nilizipanda kavu."

Hawe akanyamaza. Kisha akasema, "Basi mimi sijui kilichozisukuma ni sumaku au ni maji."

Simwiti kijana yule mwongo. Huenda hata yeye hakujua. Lakini swali la yule hawe liliokoa pesa za kikundi, na ndilo nataka tulizungumze leo.

JE, SUMAKU INAWEZA KUIGUSA MBEGU?

Kwanza tuwe wakweli. Jambo hili si la waganga wala si la kubuni. Wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi. Huko Kanada, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Lethbridge, mtafiti aitwaye Pittman alijaribu sumaku kwenye mbegu za shayiri, ngano na nafaka nyingine katika miaka ya 1960 na 1970. Mara nyingine mavuno yaliongezeka, mara nyingine hayakuongezeka.

Katika miaka ya karibuni watafiti wa Madrid, Hispania, walijaribu mahindi na kutoa matokeo yao mwaka 2007. Huko New Delhi, India, Vashisth na Nagarajan walijaribu dengu, wakatoa matokeo yao mwaka 2008. Wote waliona kwamba mbegu zilizokaa kwenye sumaku kwa kipimo fulani na kwa muda fulani ziliota upesi zaidi, na miche yake ilikuwa mirefu zaidi siku za mwanzo.

Kwa nini iwe hivyo? Wengine wanaeleza kwamba mbegu hiyo hunywa maji upesi zaidi. Wengine wanasema vile vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa mbegu kuwa chakula cha mche huamka mapema. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana.

Sasa, mbona tusinunue? Kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kipimo. Dunia yenyewe ni sumaku, ndiyo maana dira ya nahodha huonyesha kaskazini. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa militesla. Hapa kwetu pwani nguvu ya sumaku ya dunia ni karibu militesla 0.03 tu. Katika majaribio niliyoyataja, mbegu zilipata kati ya militesla 50 na 250, yaani maelfu ya mara zaidi. Tena wataalamu waliziweka mbegu mahali palipopimwa, kila moja ipate nguvu inayotakiwa, kwa dakika au saa zilizohesabiwa. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana ukisogea mbali nayo. Chukua sumaku ya spika ya redio kuukuu. Ukiigusisha msumari, inaushika kwa nguvu. Rudisha msumari nyuma upana wa kiganja, utaona haushughuliki nao. Kwa hiyo ukiweka sumaku chini ya beseni la mbegu, zile za chini zimepata kitu, na zile za juu karibu hazikupata chochote.

Sababu ya pili, kipimo kinachofaa mmea mmoja hakifai mwingine. Kipimo kizuri cha dengu si cha mahindi. Mwuzaji asiyeweza kukuambia kifaa chake kina militesla ngapi, na mahindi yakae kwa dakika ngapi, anakuuzia sanduku tu.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Mengi ya majaribio hayo yalihesabu kuota na urefu wa mche chumbani, ndani ya siku chache. Kutoka mche wa siku nane hadi gunia la mahindi kuna safari ndefu. Kuna mvua, palizi, viwavi, nyani na rutuba ya udongo. Mche ulioanza vizuri ni baraka, lakini mche si mavuno. Mtu akikuambia mavuno yataongezeka mara mbili kwa sumaku, mwulize ni shamba gani, msimu gani, na nani alipima.

JARIBIO LA KIKUNDI

Akina mama wale hawakumfukuza kijana. Walimwambia arudi baada ya siku kumi na nne, wao watajaribu kwanza. Aliwaachia sumaku moja ndogo, na hapo alifanya vizuri. Tulipanga jaribio pamoja, na nyinyi mnaweza kulifanya kwa kitu chochote kipya kinacholetwa kijijini, iwe dawa, mbolea ya maji au unga wa ajabu.

Tulichukua mahindi ya gunia moja, tukayachanganya vizuri, tukayagawa mafungu matatu:

Fungu la kwanza: mbegu kavu, hazikufanywa chochote.

Fungu la pili: mbegu zilizoloweshwa usiku mmoja katika maji ya kawaida.

Fungu la tatu: mbegu zilizoloweshwa usiku huo huo, maji yale yale, beseni la aina ile ile, ila juu ya sumaku.

Mnaona? Fungu la pili na la tatu tofauti yake ni sumaku peke yake. Ukitaka kujua kazi ya kitu, badilisha kitu hicho kimoja tu, mengine yote yabaki sawa. Kijana alikuwa amebadilisha vitu viwili kwa pamoja, maji na sumaku, halafu sifa zote akaipa sumaku.

Tulipanda kwenye kitalu kimoja, mistari ikifuatana, siku moja, kina kimoja. Kila fungu lilipewa mistari minne mahali mbalimbali, mbegu mia moja kila mstari, ili fungu moja lisipendelewe na kivuli au na udongo mzuri. Alama za mistari alizijua katibu peke yake. Waliohesabu hawakujua ni mstari gani wa sumaku. Hili ni la muhimu, kwa sababu jicho la binadamu huona linachokitaka.

Basi ikawaje? Mistari iliyoloweshwa ilichomoza kabla ya ile mikavu, na kila mtu aliona. Lakini kati ya maji ya kawaida na maji ya sumaku hatukuona tofauti ya kuaminika. Hilo ni jaribio moja la kikundi kimoja kwa sumaku moja. Halisemi kwamba wataalamu wa Madrid walikosea. Linasema kwamba kifaa kile hakikuonyesha kitu ambacho beseni la maji halikukionyesha.

Lakini jambo lililotushtua lilikuwa jingine kabisa. Katika mafungu yote matatu, mbegu nyingi hazikuota kamwe. Tulipozifukua tukakuta zimeoza, nyingine kiini kimeliwa na fukusi. Gunia lile ndilo walilokuwa wakijiandaa kulipanda kwenye shamba la kikundi!

MBEGU IWE HAI KWANZA

Hakuna sumaku, wala maji, wala dawa inayofufua mbegu iliyokufa. Ndani ya kila punje mna mche mdogo umelala, na pembeni yake chakula chake. Mche huo unapumua polepole. Joto na unyevu humfanya apumue kwa haraka, amalize chakula, achoke na kufa. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Harrington alieleza kanuni rahisi: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa sehemu moja katika mia, maisha yake ghalani huongezeka karibu mara mbili. Na kila ghala linapokuwa baridi zaidi kwa nyuzi 5 hivi, maisha pia huongezeka karibu mara mbili. Hapa pwani tuna joto, na hewa yetu ni ya unyevunyevu. Kwa hiyo mbegu zetu huchakaa mapema kuliko za watu wa Kitale au Nyandarua.

Wazee wetu walilijua hili bila vitabu. Ndiyo maana mahindi ya mbegu yaliwekwa kwenye uchaga juu ya meko, lutsaga kwa Kigiriama, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Leo wengi tunapika kwa jiko la makaa nje ya nyumba, na mbegu tunaitia kwenye gunia la nailoni pembeni ya ukuta. Uchaga tumeuacha, na badala yake hatukuweka kitu.

Jueni kama mbegu imekauka kwa njia hii. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kiasi cha kijiko kikubwa, kisha tia mahindi hadi nusu ya chupa. Funga, tikisa vizuri, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikibaki chini, yanaweza kuwekwa. Yakishakauka, yatie kwenye mkebe au gunia lisilopitisha hewa, likiwa limejaa na limefungwa sawasawa. Humo wadudu hukosa hewa na kufa.

JINSI YA KUPIMA UOTAJI

Pimeni wiki tatu kabla ya mvua, ili mbegu ikiwa mbaya mpate nafasi ya kutafuta nyingine.

1. Chota mbegu juu, katikati na chini ya gunia. Changanya.

2. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua. Ukizichagua nzuri tu, unajidanganya mwenyewe. Ukiweza fanya mafungu manne ya mia mia, kama wanavyofanya maabara.

3. Zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, kikunje kama mkeka, uweke kivulini. Au zipande kwenye karai la mchanga safi. Usiache pakauke, wala pasielee maji.

4. Hesabu siku ya nne, na tena siku ya saba. Hesabu tu zile zenye mzizi mzuri na chipukizi zuri. Iliyovimba bila kuota haihesabiwi.

Sasa tuangalie maana ya namba. Zikiota 90 katika mia, mbegu ni nzuri. Tuseme zimeota 60, na wewe huweka mbegu mbili kila shimo. Katika mashimo mia, karibu 16 yatabaki matupu. Kwa mbegu ya 90, litabaki tupu shimo moja tu. Ukiwa na ile ya 60 na huna nyingine, weka tatu kila shimo. Matupu yatashuka hadi 6 hivi. Ikiwa chini ya 50, usiipeleke shambani, tafuta nyingine.

Neno moja la tahadhari. Ukipima gunia lile lile mara mbili, mia na mia, unaweza kupata 76 mara moja na 84 mara nyingine. Hilo ni la kawaida. Kwa hiyo mtu akikuonyesha dawa yake imeotesha 84 na bila dawa 76, kwa mbegu mia mia, usimpe pesa. Tofauti isiyofika 10 au 12 kwa hesabu hiyo yaweza kuwa ya bahati tu. Ndiyo maana tunarudia mara nne.

KULOWESHA USIKU MMOJA

Njia hii haina bei. Katika miaka ya 1990 watafiti pamoja na wakulima wa India na Zimbabwe waliijaribu mashambani, penye ukame kama kwetu, na mara nyingi mazao yalichomoza mapema na kushika ardhi vizuri. Sababu yake ni rahisi. Mbegu hutumia muda mrefu kunywa maji udongoni kabla ya kuota. Ukiinywesha nyumbani, muda huo umeuokoa, na mche unashuka mizizi wakati unyevu ungalipo.

Mahindi: yatie majini jioni saa kumi na mbili, yatoe asubuhi saa kumi na mbili. Ukichelewa kidogo si vibaya, lakini yasikae usiku na mchana mzima.

Mtama na pojo: usizidishe muda wa saa nane.

Kunde: jaribu chache kwanza, kwa sababu ngozi yake hupasuka upesi.

Ukizitoa, zitandaze kivulini zikauke juu tu, zisigandamane mkononi. Panda siku hiyo hiyo. Mvua ikikatika ghafla, zikaushe vizuri kivulini na uziweke siku chache.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, wengi wetu hupanda kavu kabla ya mvua. Mbegu iliyolowa usiipande katika udongo mkavu, itakufa. Lowesha baada ya mvua kunyesha na ardhi kushika maji. La pili, mbegu ya dukani yenye rangi imepakwa dawa ya sumu. Usiiloweshe, usile, na maji yake yasifikiwe na kuku wala watoto. Njia hii ni ya mbegu zetu wenyewe, kama mdzihana na mingawa.

Mkinunua mbegu ya paketi, angalieni stika ya KEPHIS na tarehe yake. Mkitaka kujua aina zinazofaa pwani, kituo cha utafiti cha KALRO kiko Mtwapa, tena si mbali. Kuuliza si ujinga.

Yule kijana alirudi siku ya kumi na nne, kama alivyoahidi. Akina mama walimwonyesha mistari yao na daftari la hesabu. Aliinama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba aandikiwe jinsi jaribio lilivyofanywa. Wakampa. Sehemu ya zile pesa walinunulia mbegu nyingine, wakaipima kwanza, wakailowesha, wakapanda mvua iliposhika. Iliyobaki imo sandukuni.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mwaka jana ni mashimo mangapi katika shamba letu yalibaki matupu? Tulidhani sababu ni nini?

2. Mbegu yetu ya masika iko wapi sasa hivi? Nani ataipima, na lini?

3. Mgeni akitujia na kifaa au dawa mpya, nani kikundini atauliza lile swali la hawe?